Aina za ujasiriamali, ni ipi hasa inayoisaidia jamii?

Mtafuta_Mwanga

Habari za muda huu wakuu. Nimepewa jukumu la kuongoza mafunzo ya ujasiriamali kwa kikundi cha vijana, na notisi nilizopewa ni orodha tu: ujasiriamali mdogo, mkubwa, wa kijamii, wa ubunifu, halafu chini yake umuhimu, kuleta ajira, kukuza uchumi, kupunguza umaskini, basi imeisha. Nikisoma naona kuna kitu hakijakaa sawa. Mtu aliekosa kazi akaamua kuuza kitu kilekile anachouza mwenzie pembeni, na mtu aliekuja na kitu kipya kabisa kikabadilisha maisha ya watu, wote tunawaita wajasiriamali na wote tunasema wanakuza uchumi. Ni kweli? Na yule anaetajirika huku wengine wanaumia nae tunamuweka wapi? Sitaki kwenda kuwaambia vijana jiajirini mtafanikiwa alafu wakitoka hapo wakute hali nyingine kabisa. Mwenye uelewa anisaidie, hata maelezo yakiwa marefu nitasoma yote.

Kalamu Nyekundu

Mkuu hizo orodha zimewapoteza wengi, ni vizuri umeshtuka mapema.

Mimi ningeanza na sababu iliomsukuma mtu. Kuna alieanza biashara kwa sababu hana njia nyingine, na kuna alieanza kwa sababu kaona nafasi, pengine hata kaacha kazi nzuri kuifuata hiyo nafasi. Utafiti wa GEM (Global Entrepreneurship Monitor) ulioanza 1999, ambao unahoji watu katika nchi nyingi kuhusu ujasiriamali, uliwatenganisha hawa wawili kwa miaka mingi, maana ukiwachanganya unaweza kuona nchi ina wajasiriamali kibao ukadhani uchumi unapaa kumbe ajira hakuna. Mwaka 2010 mwanauchumi Antoinette Schoar akaandika kitu kinachofanana na hicho, kwamba kuna wajasiriamali wa kujikimu na kuna wa kuleta mageuzi, na wanaotoka kundi la kwanza kwenda la pili ni wachache mno. Hii ndo sehemu watoa mafunzo wengi wanairuka. Wanamchukua mtu wa kujikimu wanamwambia wewe ni tajiri wa kesho, wanampa mkopo mkubwa, na mkopo ndo unammaliza.

Na tusimdharau wa kujikimu jamani. Analisha familia, anazungusha bidhaa zifike kwa watu ambao wenye maduka makubwa hawana habari nao, na bila yeye mzigo ungeiangukia jamii nzima. Ila mahitaji yake ni mengine kabisa. Anahitaji sehemu salama ya kuweka akiba, bima ili ugonjwa wa wiki mbili usile mtaji wote, na asifukuzwefukuzwe anapofanyia kazi. Yule wa mageuzi anahitaji mtaji unaoweza kusubiri miaka, wataalamu, na mahakama ambayo mkataba ukivunjwa kesi inaisha kabla kampuni haijafa.

Kuhusu ajira, hapo nako pana kitu. Mwanauchumi John Haltiwanger na wenzie walichambua takwimu za Marekani, makala ikatoka 2013, wakaona imani ya kwamba biashara ndogo ndo zinaleta ajira mpya haisimami ukishaangalia umri wa kampuni. Zinazoongeza ajira ni zile changa, na zikishakaa miaka mingi bila kukua hazina ajabu hiyo. Lakini hizohizo changa ndo zinakufa sana, hukohuko Marekani karibu nusu ya biashara mpya hazifikishi miaka mitano. Vijana wako wana haki ya kulijua hilo kabla hawajaweka akiba zao mezani.

Nanga

Nakubaliana na Kalamu, ila naona umri na sababu havitoshi, angalia pia mtu kaleta nini. Mi nimefanya kazi ya mizigo bandarini muda mrefu kwa hiyo nitatoa mfano wa huku kwetu, kontena.

Zamani meli ilikua inapakiwa gunia kwa gunia, kreti kwa kreti, makuli wanabeba mgongoni, meli inakaa gatini siku nyingi kuliko inazokaa baharini. Malcom McLean alikua mtu wa malori huko Marekani, hakua baharia, akajiuliza kwa nini asipandishe boksi zima la lori melini. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal-X ikaondoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Kupakia tani moja ya mzigo kwa njia ya zamani ilikua inakaribia dola 6, kwa kontena ikashuka chini ya senti 20! Sasa huyu hakuvumbua chuma wala meli wala kreni, alichofanya ni kuviunganisha vitu ambavyo vilikuwepo tayari, akauza biashara yake ya malori iliokua inaenda vizuri, akaweka kila kitu hapo. Ndo maana mwanauchumi Schumpeter alikua anasisitiza kwamba mvumbuzi na mjasiriamali ni watu wawili tofauti, mmoja anatengeneza kitu na mwingine anakiingiza kwenye maisha ya watu.

Na faida ilienda kwa nani? Kwa kiasi kikubwa kwetu sisi wote tunaonunua vitu vilivyovuka bahari. Mwanauchumi William Nordhaus alikadiria mwaka 2004, kwa Marekani kuanzia 1948 hadi 2001, kwamba waleta ubunifu walibaki na kama asilimia 2 tu ya thamani yote iliotokana na ubunifu wao, iliobaki ilienda kwa watumiaji kupitia bei kushuka na ubora kupanda. Ukiniuliza kazi ya ujasiriamali kwenye jamii, mi nitakujibu kwa hiyo namba kabla sijagusa habari ya ajira.

Lakini mkuu usiwafiche vijana upande wa pili. Makuli waliisha. Bandari za zamani zilizokosa nafasi ya kontena zikafa na mitaa yake. Pwani ya magharibi ya Marekani chama cha wafanyakazi wa bandari kilikaa na waajiri mwaka 1960 wakasaini makubaliano, mashine ziingie ila waajiri wachangie mfuko wa kuwastaafisha mapema watu na kuwahakikishia kipato waliobaki. Sehemu nyingi hawakupata hata hicho. McLean alishafanya sehemu yake, swali la nani alipie maumivu ya waliopoteza kazi halikua lake peke yake, lilikua la jamii nzima na bado ni la jamii nzima.

Dada_Zahara

Naomba niongezee upande wa ujasiriamali wa kijamii maana watu wanauchanganya na kutoa msaada. Kaka Mtafuta, mfano ninaoupenda ni wa hospitali ya macho ya Aravind kule Madurai, India. Daktari Venkataswamy aliianzisha 1976 akiwa ameshastaafu, vitanda 11. Mtoto wa jicho anapofusha watu wengi na upasuaji wake unajulikana, tatizo lilikua gharama na foleni. Wakapanga chumba cha upasuaji kwa mtiririko, wauguzi wanaandaa mgonjwa huyu wakati daktari anamalizia yule, daktari mmoja anafanya kazi ya madaktari kadhaa. Wenye uwezo wanalipa, wasio na uwezo wanatibiwa bure au kwa kidogo, na daktari ni walewale. Lenzi za kuweka ndani ya jicho zilikua ghali sana zikitoka nje, 1992 wakafungua kiwanda chao, bei ikashuka vibaya mno. Hapo unaona hesabu za biashara kabisa, mapato yapo, ubora unapimwa, ila kinachoongoza maamuzi ni wangapi wameona tena.

Mikopo midogo nayo iko kundi hili na hapa nitasema wazi. Kazi ya Muhammad Yunus na benki yake ya Grameen kule Bangladesh, kuanzia 1976, ilithibitisha kwamba mwanamke maskini asie na dhamana anaweza kukopa na kurudisha, na hilo si dogo, Nobel ya Amani 2006 aliistahili yeye na benki yake. Lakini 2015 zilitoka tafiti sita kutoka nchi sita tofauti, kuna Ethiopia, Moroko, India, Meksiko, Mongolia na Bosnia, na zote zikaonyesha mikopo midogo inampa mtu uhuru zaidi wa kupanga mambo yake ila kipato cha kaya kwa wastani hakibadiliki sana. Mnaoandaa mafunzo msiishie kwenye mkopo tafadhali, naliongea hili kwa uchungu kwa sababu nimewaona kinamama wakikopa hapa kulipa pale na kikundi kizima kinawakalia kooni.

Na msisahau ushirika. 1844 kule Rochdale, Uingereza, watu 28, wakiwemo wafumaji, walifungua duka lao na faida ikawa inarudi kwa wanachama kulingana na walichonunua. Ule nao ni ujasiriamali, mwenye nao ni kundi.

Mtafuta_Mwanga

Asanteni sana aisee sikutegemea majibu ya namna hii. Dada Zahara hilo la mikopo limenigusa, ratiba yangu siku ya pili yote ilikua ni jinsi ya kupata mkopo, hapo itabidi nipapange upya. Swali dogo, kuna vijana wawili watatu kwenye kikundi wameajiriwa, je hawa niwaambie nini? Na bado sijajibiwa kuhusu anaetajirika wengine wakiumia.

Fundi Mchundo

Walioajiriwa wamo vizuri tu. Pale 3M, kampuni ya Marekani, Spencer Silver alipata gundi dhaifu mwaka 1968, inashika kidogo na kubanduka, miaka ikapita haina kazi mpaka 1974 mwenzie Art Fry alipofikiria kuitumia kushikiza vikaratasi vya alama kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani, na 1980 Post-it, vile vikaratasi vya kubandika na kubandua, ikaingia sokoni Marekani nzima. Wote wawili ni waajiriwa, mtaji ni wa kampuni, na kampuni ilikua inawaruhusu watu watumie sehemu ya muda wa kazi kwenye mawazo yao. Kinyume chake ni Kodak, kampuni ya filamu za kamera, mhandisi wao Steven Sasson alitengeneza kamera ya dijitali 1975 ndani ya kampuni, wakubwa hawakuipa nafasi inayostahili kwa sababu biashara ya filamu ilikua inalipa, na Januari 2012 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kwa hiyo waambie hao vijana wawili watatu kwamba bosi wao nae ni sehemu ya somo.

Kalamu Nyekundu

Nakuja kwenye swali lako la mwisho kwa sababu ndo zito kuliko yote.

Mwanauchumi William Baumol aliandika 1990 kwamba watu wenye uthubutu wapo katika kila jamii na kila zama, kinachobadilika ni wapi jamii imeweka zawadi. Akatenganisha ujasiriamali wenye tija, usio na tija, na wa kubomoa. Roma ya kale heshima ilikua kwenye ardhi, vita na siasa, biashara ikaachiwa zaidi watumwa walioachwa huru. China ya wafalme vijana wenye akili walikesha wakisomea mitihani ya utumishi wa serikali maana huko ndiko kulikua na cheo na mali. Hawakua wajinga hata kidogo, waliisoma jamii yao vizuri wakaifuata.

Mfano wa kubomoa ni Marekani ilipopiga marufuku pombe, 1920 hadi 1933. Magenge yalipanga usafirishaji, maghala, mtandao wa kusambaza, kuhonga, kila kitu, na ukiangalia ujuzi wenyewe ni uleule wa mfanyabiashara yeyote hodari. Ambao hawana tija ni wale ambao akili yao yote iko kwenye kupata kibali ambacho wengine wamenyimwa, au zabuni kwa kujuana. Hawa sheria inaweza isiwaguse kabisa, wanaitwa wawekezaji na wanapewa tuzo, lakini ukifuatilia hakuna kitu kipya walichokiongeza, wamehamisha tu kilichokua mfukoni mwa mwingine. Mimi hawa ndo wananiumiza, kwa sababu kijana akiona njia ya haraka ni hiyo na ndo inaheshimiwa, hata umfundishe kuandika mpango wa biashara mwaka mzima ataifuata hiyo.

Kwa hiyo kwenye mafunzo, kila kijana akileta wazo lake mwambie akuonyeshe pesa itakayoingia inatoka kwa nani na huyo mtu anabaki na nini mkononi ambacho hakua nacho.

Nanga

Kalamu hapo nimekuelewa, naongeza moja tu kuhusu kuanguka. McLean huyohuyo alinunua kampuni ya meli ya United States Lines 1978, akaagiza meli kubwa za mwendo wa polepole akiamini mafuta yatapanda bei, mafuta yakashuka, 1986 kampuni ikafilisika na madeni zaidi ya dola bilioni moja. Watu wengi walipoteza kazi. Sheria ya kule ya kufilisika inamaliza deni kwa utaratibu, haimfungi mtu milele, na 1991 akiwa na zaidi ya miaka 75 akaanzisha kampuni nyingine ya usafirishaji. Mtafuta, kabla hujaongelea uthubutu na hao vijana kaa nao muhesabu, biashara ikifa nani anadaiwa, dhamana ni nini, na kama dhamana ni nyumba ya mzazi basi huyo mzazi aje akae kwenye hicho kikao.

Mtafuta_Mwanga

Nimenakili yote. Siku ya pili naifuta nzima, tutafanya hiyo ya Kalamu ya pesa inatoka kwa nani asubuhi na hiyo ya Nanga ya madeni mchana, na wazazi nitawapigia simu leo jioni.