Ulilelewa na nani, na nani alikueleza sababu? Tupeane uzoefu

Mwalimu wa Temeke
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha shule ya msingi huku Temeke. Kila Januari tukiandikisha darasa la kwanza, fomu ina nafasi moja tu: mzazi au mlezi. Anayesaini mara ni bibi, mara shangazi, mara kaka aliyemaliza kidato cha nne juzi. Sensa ya 2022 ilituambia kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Wangapi tunajua. Ni akina nani, na mtoto alifikaje pale, hayo tunayo sisi wenyewe.

Mimi nimekulia kwa shangazi Korogwe, na baba na mama wote walikuwa hai wakiishi pamoja Tanga mjini. Shangazi hakujaliwa mtoto, nikapelekwa. Sikuteswa hata siku moja. Ila hakuna aliyenikalisha chini akanieleza kwa nini mimi na si wadogo zangu, na miaka yote nilidhani kuna kitu nilikosa kwao. Kwa hiyo naomba tuambizane mawili: ulikaa kwa nani, na nani alikueleza sababu.

Mjukuu wa Muleba
Asante mwalimu kwa mada.

Sisi tulikuwa watoto wa nyumba tatu chini ya bibi mmoja. Wazazi wetu walipukutika mwanzoni mwa miaka ya 90. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa kwetu Kagera mwaka 1983, na kabla watu hawajalizoea jina hilo, ugonjwa waliuita Juliana. Nakumbuka msiba unaisha nyumba hii, unaanza ile.

Bibi alikuwa amefikia umri wa kutunzwa yeye, akaanza upya na watoto wachanga. Mdogo wangu wa mwisho alikua kwa uji na maziwa ya ng'ombe wa jirani. Kibanja ndicho kilitulisha: ndizi, maharage, na kahawa ikivunwa tunapata ada na sabuni. Dada yetu mkubwa aliacha shule amsaidie bibi, na hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu kichwani alikuwa anatuzidi wote. Watu wakisema nimelelewa na bibi, nawasahihisha: nimelelewa na bibi na dada. Huyo dada hakuna fomu iliyowahi kumwandika.

Kuelezwa? Hatukuelezwa. Tuliambiwa baba kasafiri. Baba wadogo walipokuja kutaka kugawana kibanja ndipo nilipojua kwa uhakika kwamba harudi. Bibi alisimama mbele ya wazee wa ukoo, akasema maneno yake, kibanja kikabaki. Na kilichowaua wazazi wangu nilikuja kukisikia nikiwa kidato cha pili, kwa mwanafunzi mwenzangu, uwanjani, kwa kejeli. Mtoto anastahili kuyasikia hayo nyumbani kwanza.

Mtu wa Newala
Kwetu Wamakonde, kama walivyo Wamwera na Wayao, mtoto ni wa upande wa mama. Wazazi wangu walipoachana hapakuwa na mvutano watoto wabaki kwa nani. Tulibaki kwa mama, na mjomba akawa ndiye mwenye kauli: jando, shule, hadi mambo ya kuoa. Mjomba akiuza korosho, sare zinanunuliwa. Mtoto alijua ataangukia wapi.

Siku hizi mjomba yuko Mbagala, kapanga chumba na sebule, anahangaika na watoto wake mwenyewe. Baba wa watoto wa dada zangu huku nyumbani bado wanasema "wana mjomba wao". Watoto hao wako katikati hapo, na sijaona bado nani anawaokota.

Binti Tarime
Mimi nimelelewa na wanawake wawili, na mila yetu ya Kikurya inalitambua hilo: nyumba ntobhu. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume. Mumewe alipofariki, akatoa ng'ombe akamwoa mama yangu ili nyumba yake isife. Sisi watoto ni wa nyumba ile na ukoo wa marehemu mumewe, na jina lake ndilo tuliloandika shuleni kwenye nafasi ya baba. Mwanaume aliyetuzaa tulimjua kwa sura, akipita tunamwamkia, basi.

Naomba msinihurumie haraka. Nyumbani kwetu sikuwahi kuona mtu akimpiga mama, na majirani zetu wengi hawawezi kusema hivyo. Bibi alinipenda, na alinieleza yote nikiwa mdogo, bila kuficha, kama alivyonieleza namna ya kukamua ng'ombe.

Tabu ilianza alipofariki. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu. Ndugu wa marehemu walipokuja na maneno kwamba sisi si wa pale, mama hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Wazee wa mila walitusimamia, tukabaki na sehemu ya shamba. Na hili pia siwafichi: mama hakuulizwa kama anataka kuolewa hivyo. Alikuwa na miaka 16, na kwao walihitaji ng'ombe kwa mahari ya kaka yake.

Kisauni Yetu
Mimi niko Mombasa. Mamangu alienda Saudia kufanya kazi za nyumbani nikiwa darasa la tano, akatuacha kwa nyanya. Karo haikukosekana. Tulikuwa tukiongea naye kwa simu usiku, waajiri wake wakishalala. Nyanya alitwambia mapema kwamba mama hajatutupa, ameenda kututafutia, na hilo lilinisaidia sana.

Aliporudi, mdogo wangu alimwita anti. Sisi tulielezwa, yeye ndiye aliyekosa wa kumweleza. Alikuta nyumba ina kawaida zake, nani anakaa wapi, chai inanywewa saa ngapi, naye yuko kama mgeni kwenye nyumba aliyoijenga kwa pesa zake.

Aliyetoka Ludewa
Mimi nilichukuliwa "kwenda kusomeshwa". Ndugu wa baba alikuja Desemba na gari, wakaongea na baba barazani mimi nikiwa nachota maji. Asubuhi nguo zangu ziko kwenye mfuko.

Dar niliamka saa kumi alfajiri. Vyombo, kufagia, kuwaandaa watoto wa pale waende shule, mimi nafuata baadaye kwa miguu, nimechelewa. Wageni wakija nilikuwa mtoto wa ndugu. Wakiondoka nilikuwa dada wa kazi, ila asiye na mshahara kwa sababu "yupo kwao". Hili la kuchukuana vijijini lisisifiwe sana, wakuu. Wapo waliosomeshwa kweli na wakafika mbali, nawajua. Lakini mtoto aliye mbali na mama yake hana wa kumwambia.

Aliyenitoa ni mwalimu wa darasa la sita. Aliniuliza kwa nini nasinzia, akafuatilia hadi ofisi ya ustawi wa jamii, baba akaitwa. Mwalimu uliyeanzisha mada, endelea kuuliza maswali yako.

Baba wa Kimara
Wengine tuko upande wa pili. Nimetengana na mama wa mtoto wangu, mtoto ana miaka 4. Kila ninapokwenda naambiwa chini ya miaka 7 mtoto hukaa kwa mama. Nahudumia, nampenda, namwona Jumamosi tu. Sisi tunawekwa kapu moja na waliokimbia.

Mama wa Ilala
Mwanangu pole. Sheria ya Ndoa inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 atafaa zaidi kwa mama, lakini hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Mahakama inatakiwa kuangalia maslahi ya mtoto kwanza. Usikate tamaa, ila usimvute mtoto kama unamdai mama yake deni.

Nikuambie pia tulikotoka. Nilizaa nje ya ndoa miaka ya 80. Sheria ya wakati ule ilimpa mtoto kama wangu matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Unga ukapanda, nauli ikapanda, mia ikabaki mia, hadi ilipokuja Sheria ya Mtoto ya 2009. Mwanangu alilelewa na mimi, dada zangu na pesa za upatu. Ukiona wanawake tunakuwa wakali kwenye mada hizi, ujue tumepita huko.

Baba wa Kimara
Nimekuelewa mama. Shikamoo.

Mwana wa Wete
Nimesoma yote, hakuna aliyemtaja mama wa kambo kwa wema, basi mie namtaja. Mama alipoachwa akaolewa Unguja, mie nikabaki Wete kwa baba na mkewe. Nilipougua ndiye aliyekesha. Sikukuu nikienda kwa mama, yeye ndiye aliyenishonea nguo ya kwendea, na mama naye akirudisha zawadi. Sikuwahi kumsikia mmoja akimsema mwenzake mbele yangu.

Bibi wa Dodoma
Mimi si mwandikaji, huwa nasoma tu. Naishi na mjukuu wa miaka 6. Binti yangu alimzaa akiwa kidato cha tatu, kabla ya ule uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu waliojifungua warudi shuleni. Shule ya serikali hakuweza kurudi, nikamtafutia ya binafsi, sasa yuko chuo. Mtoto anamwita mama yake dada, na mimi ananiita mama. Baada ya kusoma haya nimekosa usingizi. Nimwambie lini, na nianzeje?

Mjukuu wa Muleba
Shikamoo bibi. Mwambie mwaka huu. Jirani yeyote anaweza kukutangulia.

Mwana wa Wete
Mie ningengoja kidogo akue, bibi. Miaka 6 ni mdogo, atayabeba vipi?

Kisauni Yetu
Ongea na bintiyo kwanza. Ni lake pia hili.

Mwalimu wa Temeke
Bibi, shikamoo. Naungana na wa Muleba kuhusu muda na wa Kisauni kuhusu binti. Maneno yawe mafupi: mimi ni bibi yako, nakulea, dada ni mama yako, alikuzaa akiwa bado anasoma, sote tunakupenda, na huhami. Hilo la mwisho usilisahau, maana kwa watoto ninaowafundisha swali la kwanza huwa "sasa nitalala wapi?" Halafu angalia cheti cha kuzaliwa. Kama mliandika jina lako mahali pa mama, nendeni RITA, ofisi ya usajili wa vizazi, muulizie utaratibu wa kurekebisha kabla hajafika madarasa ya mitihani.

Bibi wa Dodoma
Marahaba wanangu. Cheti kina jina la binti yangu, hilo nililisimamia. Anakuja Ijumaa kwa likizo. Nitampa simu asome haya yote mwenyewe, halafu tupange naye siku.