Wajukuu wa Bi Mwanahawa 🌴

JUMANNE

19:06 Shangazi Rukia: Asalaam aleikum. Wakala wa India kapiga tena. Mwisho wa advansi ya upasuaji wa Zuhura wa kupunguza unene ni Ijumaa saa sita mchana. Laki tatu kila nyumba. Waliotuma mpaka sasa: mimi.

19:31 Shangazi Rukia: Naona tiki za bluu tu.

19:33 Juma Mdogo: Shangazi, kitanda tunanunua au tunakodi? 😂

19:34 Shangazi Rukia: Juma, leo sitaki.

20:15 Hamisi: Waaleikum salaam, ndo natoka zamu. Wamesema upasuaji gani, kupunguza mfuko wa chakula au baipasi?

20:16 Shangazi Rukia: Ule wa kukata. Si yote ni kukata?

20:24 Hamisi: Haifanani. Wa kupunguza, zaidi ya robo tatu ya mfuko inatolewa, kinabaki kibomba chembamba kama ndizi kilichobanwa kwa pini ndogondogo za chuma. Kilichotoka hakirudi. Baipasi wanaacha kijifuko cha kama 30 ml na kukiunga na utumbo huko chini. Sasa Zuhura ana kiungulia, na ule wa ndizi mara nyingi hukizidisha. Aanze na kipimo cha kamera, na wadudu wa vidonda vya tumbo wakionekana watibiwe kwanza.

20:26 Juma Mdogo: Ndizi mzuzu au ndizi sukari?

20:26 Juma Mdogo: Na sufuria la pilau Idi hii atalimaliza nani jamani

20:27 Mama Swaumu: 😂😂 na ukoko wake

20:29 Shangazi Rukia: Nyie! Kilo 118, urefu 1.60. Hamisi piga hesabu.

20:33 Hamisi: 118 gawa kwa jibu la 1.6 mara 1.6, BMI (uzito kwa urefu) ni 46. Miongozo ya 2022 ya upasuaji huu inaanzia 35, mwenye kisukari hata 30. Kigezo anacho. Mimi sibishi kisu, nabisha ndege. Anarudi siku ya ngapi?

20:34 Shangazi Rukia: Ya sita.

20:41 Hamisi: Ndiyo siku mbaya zenyewe. Pale penye pini pakivuja, mara nyingi ni ndani ya wiki mbili za kwanza: mapigo yanapita 120 kwa dakika naye kalala tu, homa, tumbo, wakati mwingine bega la kushoto. Hiyo haingoji asubuhi. Tena damu huganda miguuni, ndo maana wanatembezwa siku ileile, sasa wewe unamkalisha kwenye kiti cha ndege. Na vipimo vya damu vya mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka, wakala atakuja kuvichukua?

21:02 Saumu (famasi): Niongeze. Wiki mbili kabla anakata wanga ili ini lisinyae, ini la mafuta linamziba daktari. Akiacha wali na ugali huku anameza glibenklamaidi yake ya kisukari ileile, sukari itashuka imwangushe. Dozi ipangwe upya KABLA ya kuanza. Diklofenaki ya magoti aisahau, hasa akifanya baipasi, inatoboa vidonda. Madini ya chuma, B12, kalsiamu na vitamini D ni za maisha. Mimba asubiri miezi 12 hadi 18.

21:03 Shangazi Rukia: Miezi 18! Ana miaka 36 huyu!

21:10 Mjomba Salim: Pesa tutatoa. Ila hesabu ya mchango wa bati la Korogwe bado tunaisubiri.

21:11 Shangazi Rukia: Bati limeingiaje hapa?

21:12 Mjomba Salim: Kwa mlango uleule wa laki tatu.

21:14 Shangazi Rukia: Risiti alikuwa nazo marehemu na unajua.

21:15 Juma Mdogo: Ujumbe huu umefutwa

22:02 Baba Mkubwa: Nimesomewa yote. Mmepima kilo zake, mmegawa, mmezidisha, mpaka watoto mmemhesabia. Zuhura yumo humu na hakuna aliyemuuliza. Pesa isitoke mpaka nimsikie mwenyewe. Bati tulilimaliza msibani, Salim.

22:40 Mjomba Salim: Nimekusikia kaka.

JUMATANO

06:48 Shangazi Rukia: Wakala kakubali Jumatatu. Hamisi, hospitali ya Mloganzila je?

09:15 Hamisi: Nitaulizia foleni. Pale hata puto la tumboni wanaweka, linapita mdomoni bila kisu. Ila baada ya miezi kadhaa linatolewa, na asiyebadili sahani kilo zinamrudia.

13:20 Zuhura: Shikamooni. Nimesoma yote. Puto sitaki. Sukari leo kabla ya chai 11.4. Kesho kliniki naomba kamera, mengine baadaye. Hamisi, chakula cha maji maji baada ya upasuaji ni wiki ngapi?

13:26 Hamisi: Mbili. Supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta. Mbili zinazofuata vya kuponda, protini isipungue gramu 60 kwa siku. Tafuta kile kikombe cha dawa ya kikohozi, ndo glasi yako: kimoja taratibu kwa robo saa. Ukigugumia unatapika, na kutapika kusikoisha kunamaliza vitamini B1, miguu inakufa ganzi. Chakula na maji visikutane, acha nusu saa.

13:27 Zuhura: Sawa.

13:29 Shangazi Rukia: Sasa India niwaambie nini?

15:50 Shangazi Rukia: Jamani?

18:12 Mama Swaumu: Samahani sikuwa na bando. Laki tatu natuma namba ipi, ileile ya bati?