Ile karatasi ya mafuta ukutani itatuua barabara ya Nakuru–Kisumu, na madereva wenzangu mnaishangilia

Sitaki mtu aje hapa kuniambia nitulie. Karatasi ya mafuta imebandikwa tena pale stoo, na jina la kwanza ni la jamaa ambaye sote tunajua anavyoshuka mteremko wa Sachangwan. Anaweka nyutro, anaachilia gari liende lenyewe. Lori limejaa! Halafu anapigiwa makofi na kupewa bonasi, na sisi tunaoshuka na gia nzito tunaitwa wezi wa dizeli.

Kwa msiojua hii kazi: tunabeba vifurushi vya watu walionunua vitu mtandaoni, vipuri, magunia, friji, kila kitu, kutoka Nakuru hadi Kericho, Ahero na Kisumu, na wengine wanaendelea Siaya na Busia. Kila safari unapimiwa lita. Mwisho wa mwezi karani anajumlisha, anapanga majina kuanzia aliyetumia kidogo, anabandika ukutani. Wa juu anaongezwa pesa. Wa chini anakatwa lita alizozidisha kwenye mshahara, na mwezi unaofuata anapewa rauti mbovu.

Sasa niambieni hizo lita zilipimwa na nani. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Unapanda Salgaa, unapanda Sachangwan, unafika Mau Summit, kisha Londiani, Kericho, ndipo unateremka hadi Awasi na kuingia Kisumu, ambako ni mita 1,100 na kitu. Maana yake kurudi ni kupanda mlima karibu mwanzo hadi Mau Summit. Lakini lita za kwenda na za kurudi ni zilezile, gari likiwa tupu au limebeba sukari mpaka springi zimelala. Msimamizi aliyepanga hivyo sidhani amewahi kushika usukani wa kitu kikubwa kuliko Probox. Nilipomwuliza aliniambia mbele ya vijana, "Mzee, wewe unakunywa dizeli?" Wakacheka. Waliocheka ni madereva, si watu wa ofisi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Bosi ni bosi, faida ndiyo imemleta. Lakini ile karatasi haina nguvu yoyote bila sisi. Kama sote tungeshuka na gia, majina yangekaribiana na wangelazimika kupima lita upya. Wawili watatu wakianza friwili, yaani hiyo ya kushuka na nyutro, lita zao ndizo zinakuwa kipimo cha kila mtu, na mwezi ujao tunapunguziwa tena. Kisha hata yule wa friwili anaishiwa, na inabidi atafute njia nyingine.

Na njia nyingine tumeziona. Tulilala Kisumu magari yakiwa yameegeshwa yadi moja. Asubuhi naenda kukagua gari nakuta kifuniko cha tangi kimefungwa upande, chini kando ya tairi kuna dizeli imemwagika na alama ya jerikeni imechorwa kwenye vumbi. Gari la jirani liliondoka saa kumi alfajiri. Jirani huyo mwezi huo alikuwa wa pili kwenye karatasi, mimi nikawa wa chini. Dizeli moja imemhesabia mara mbili, kwake imeongezeka na kwangu imepungua. Nilipomwambia karani, jibu lilikuwa moja: tangi ni jukumu la dereva.

Turudi kwa nyutro, maana hili si jambo la pesa peke yake. Ukishuka na gia, injini inakusaidia kushikilia gari. Ukiitoa, uzito wote unabaki kwa breki. Kwenye mteremko mrefu breki zinachemka, moshi unatoka, na unapozihitaji kweli hazishiki. Kila dereva anayepita Salgaa anajua hivyo, na wenyeji wa Salgaa wanajua zaidi kwa sababu wao ndio wanaokimbia kutoa watu. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, pale Migaa, basi na lori viligongana na watu 36 wakafa. Juni 30, 2023, makutano ya Londiani, lori liliingia kwenye magari na akina mama waliokuwa wakiuza kando ya barabara, wakafa zaidi ya 50. Sisemi hizo ajali zilisababishwa na nyutro, sikuwa ndani ya hayo malori. Nasema hiyo ndiyo barabara ambayo mtu anaamua kuichezea kwa bonasi ya mwisho wa mwezi, halafu taniboi wake, kijana wa watu, amelala kando yake hajui kitu.

Kuhusu saa, sitasema mengi. Sheria ya trafiki inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa nane ndani ya saa 24. Sisi tunapakia saa kumi alfajiri, tunaendesha, tunashusha wenyewe, tunapigia wateja simu kwa kredito yetu, tunarudi usiku. Traka ya gari inaonyesha yote hayo dakika kwa dakika. Lakini ofisi inaiangalia tu wakitaka kujua kwa nini ulisimama Kericho kunywa chai.

Rauti mbovu nayo ni hadithi nzima. Juu ya mshahara tunaongezwa kidogo kwa kila kifurushi kilichopokelewa. Mtu wa Kisumu mjini anamaliza vyake kwa mitaa michache. Wewe wa Sondu na Katito unazunguka kutwa na vifurushi vya kuhesabu, na mteja asipopatikana hulipwi hata senti. Ndiyo maana alfajiri pale stoo kuna vituko. Namba ya rauti inaandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya tepu. Nimeona kwa macho yangu dereva akibandua tepu taratibu, akibandika nyingine, na kifurushi cha Milimani, hapo Kisumu mjini, kinahamia rundo lake huku cha Nyakach, kule mashambani, kikitua kwangu. Mteja wa Nyakach hajulikani yuko wapi, mteja wa Milimani yuko getini anangoja. Na siku kifurushi kinapotea katika hayo mabadilishano, anayekatwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye orodha. Mwenzetu mmoja amelipishwa simu nzima, bei ya dukani, na hakuwahi kuigusa.

Basi wacha niwaambie kitu, kwa sababu wengi wenu mnadhani kukatwa ni haki ya bosi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukatwa kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika ikiwa mfanyakazi amefanya makusudi. Makusudi! Si kwa sababu jina lako liko kwenye orodha. Na makato yote yakijumlishwa hayafai kupita theluthi mbili za mshahara. Wakikwambia wewe si mfanyakazi, ni mkandarasi tu, waulize gari ni la nani, sare ni ya nani, na anayekupangia saa ya kuondoka ni nani. Hata kukosa mkataba wa maandishi si mwisho, maana kesi ikifika mahakamani na mwajiri hana mkataba wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha makubaliano unakuwa wake.

Nimeanza kuweka picha. Mita ya mafuta kabla ya kuondoka na baada ya kufika, kifuniko cha tangi usiku na asubuhi, rundo la vifurushi kabla sijapakia. Wanne wa zamu yetu tumekubaliana kufanya hivyo na kushuka na gia hata tukishika mkia wote wanne. Tunatafuta wengine. Kama unaendesha hii barabara, hata kwa kampuni nyingine, andika hapa lita unazopewa na gari unaloendesha ni la tani ngapi, usitaje jina lako. Na kama kuna mtu aliyewahi kupeleka makato ya mafuta ofisi ya leba Nakuru au Kisumu, atuambie aliambiwa alete karatasi gani. Wewe wa nyutro najua unasoma. Kifuniko changu sasa kina kufuli.