Naomba ushauri: indiketa za kushoto zinapepesa mbio baada ya kufunga LED

Wakuu, habari za jioni. Natumia Carina ya zamani, njia yangu Uyole–Tukuyu, na ukungu wa Isyonje mnaujua. Ili nionekane vizuri nimeanza kufunga balbu za LED kwenye indiketa, upande wa kushoto kwanza. Zinang'aa kweli, ila zinapepesa haraka mno. Kulia, penye balbu za kawaida za wati 21, mwendo ni uleule wa siku zote. Nikiwasha hazadi, zote zinakwenda taratibu!

Fundi umeme mmoja hapa Mwanjelwa anasema flasha (kile kifaa kinachopepesesha indiketa) imekufa, ninunue nyingine kama hiyohiyo. Siafiki. Ingekufa, kulia nako kungesumbua. Ninavyoelewa, LED inakula umeme kidogo, flasha inadhani balbu imeungua, ndiyo maana inapepesa mbio kunionya. Zile za kizamani zenye kibati kinachopinda kwa joto zingepepesa polepole au kuganda kabisa, kwa hiyo yangu ni ya elektroniki.

Sasa nichague lipi: flasha inayokubali LED, au rizista (kikinza cha kula umeme zaidi ili flasha ione kama balbu ya kawaida) kwenye kila taa? Rizista zinachemka sana, naogopa zitayeyusha waya. Na hiyo flasha, pini zake zitaingia palepale bila kukata nyaya? Aliyewahi kufanya anisaidie.