Ushauri: Ruzuku ya wanawake wa jamii za asili wenye biashara, sisi wa Longido tunaingia?

Nashipai_L (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mama wa Kimaasai, niko Longido, nina karakana ya shanga na ngozi: mikanda, bangili, makubazi. Jina la biashara nimesajili BRELA, TIN ninayo. Kina mama saba wa maboma ya jirani wananishonea na nawalipa kwa kipande. Mzigo unaenda maduka ya vinyago Arusha, kidogo Namanga.

Kinachonikwamisha ni mtaji. Ikija oda kubwa, shanga zinanimaliza, maana wenye maduka wanataka za Cheki siyo za Kichina, halafu wanalipa mzigo ukishauzwa. Benki wanataka dhamana. Ng'ombe ni wa mume, ardhi ni ya kijiji.

Sasa kwenye magrupu limezunguka tangazo la Kiingereza: ruzuku ya dola 10,000 kwa wanawake wa jamii za asili wenye biashara, hurudishi. Anayelisambaza anasema Wamaasai tunahesabika, ila nitume kwanza 45,000 ya fomu. Hii kitu ipo? Na kama siyo hii, kuna ya kweli ambayo mtu kama mimi anaweza kuomba? Naombeni mwongozo, matusi hapana.

Mtoto wa Ngarenaro
Anayekugawia milioni ishirini na kitu ameshindwa kujilipia fomu ya 45,000? Dada, kanunue shanga.

MamaFaili
Dada Nashipai, usitume hata mia. Nimeandika maandiko ya miradi ya vikundi vya wafugaji kwa muda mrefu na sijaona mfadhili wa kweli anayetoza ada ya fomu.

Matangazo ya namna hiyo mengi hunakiliwa kutoka nchi ambako ruzuku hizo zipo kweli. Kanada, kwa mfano, NACCA, mtandao wa taasisi za fedha za jamii za asili za huko, una mpango wa wanawake wajasiriamali wa First Nations, Inuit na Métis. Bajeti ya serikali yao ya 2021 iliwatengea dola za Kanada milioni 22 kwa miaka 3. Hata huko si zawadi tupu, mna mkopo mdogo wa hadi dola 20,000. Na lazima uwe wa jamii hizo za Kanada. Umaasai wako haukuingizi.

Zinazotufikia sisi ni nyingine. IFAD, mfuko wa UN wa maendeleo ya kilimo ulioko Roma, ina dirisha la ruzuku kwa jamii za asili, IPAF, ambalo kwa Afrika limekuwa likiratibiwa na Samburu Women Trust ya Kenya. FIMI, jukwaa la kimataifa la wanawake wa jamii za asili, wana mfuko wa AYNI. AWDF, mfuko wa maendeleo ya wanawake wa Afrika ulioko Accra, inafadhili mashirika ya wanawake Afrika nzima tangu 2000. Ila shika hili: hela hizo huenda kwa asasi au kikundi chenye katiba, akaunti na hesabu za kuonyesha. Duka la mtu mmoja halipati, hata liwe zuri vipi. Na hazitangazwi kila mwaka, IPAF hasa.

Kwa hiyo mlango wako ni asasi iliyokwisha kuwa na jina. Nenda MWEDO, asasi ya wanawake wa Kimaasai hapo Arusha. Kwa upande wa Loliondo kuna Pastoral Women's Council, wapo tangu 1997.

Kibao Kikuu
Jamii za asili ndiyo nini? Mimi Mnyamwezi nimetoka Ulaya? Watanzania wote wazawa, acheni kubaguana.

MamaFaili
Kaka Kibao, huo ndio msimamo wa serikali, hujakosea. Tanzania ilipigia kura ya ndiyo Azimio la UN la 2007 kuhusu haki za watu wa asili, lakini nyumbani inasema Waafrika wote hapa ni wa asili. Ndiyo maana huoni fungu la serikali lenye jina hilo. Wafadhili wa nje wanawahesabu Wamaasai, Wabarbaig, Wahadzabe na Waakie.

Sele wa Monduli
Si achukue tu ile asilimia 10 ya halmashauri? Ile ni hela ya serikali, watu hawarudishi.

Afisa Mstaafu
Sele, usimpoteze dada wa watu. Ile ni mkopo, hauna riba, lakini ni mkopo. Sheria inataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni kwa sababu ya watu wa "hatulipi" na vikundi hewa ndiyo serikali ikaisimamisha 2023, ikarudi 2024 kwa masharti makali zaidi. Bi Nashipai, anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Nashipai_L
Asanteni sana. Nimemblock yule wa fomu. Swali: nikiwasajili hawa kina mama saba pamoja nami kuwa kikundi, karakana inabaki yangu?

MamaFaili
Hapo ndipo wengi wanagombana. Usiitie karakana ndani ya kikundi. Kikundi kiwe na shughuli yake, kushona na kuuza shanga, na karakana yako iwe mnunuzi wake, bei iandikwe. Mkopo mtadaiwa wote, hivyo mmoja akitoroka mtamlipia. Kama kuna yeyote humtegemei, mwache aendelee kulipwa kwa kipande.

Afisa Mstaafu
Na usijipe uenyekiti. Mkaguzi akiona mwenyekiti ndiye mnunuzi, ataanza maswali.

Lodge_Karatu
Mimi naona tatizo lako ni wanunuzi, kuliko hiyo ruzuku. Acha mali kauli. Sisi hapa kazini tunawapa washonaji nusu ya hela siku ya oda, nusu mzigo ukifika. Tafuta lodge mbili tatu zenye duka la zawadi, peleka sampuli kabla msimu wa Juni haujaanza.

Nashipai_L
Mkuu, hao wa lodge wanadai risiti ya EFD, ile ya mashine? Mimi bado natumia kitabu.

Lodge_Karatu
Mhasibu wetu anadai. Kaulize TRA kwanza mauzo yako yanaangukia wapi, usinunue mashine kabla.