Wasifu wa Bibi

Mama Mkubwa: Hamjambo wanangu. Wasifu wa mama unasomwa kesho. Mjomba wenu ameshauandika, semeni palipokosewa.

Mjomba: "Marehemu hakubahatika kufanya kazi, alikuwa mama wa nyumbani tu. Ameacha mume, watoto 4 na wajukuu 11."

Mama Mdogo: Kaka, hiyo "tu" iondoe.

Mama Mdogo: Na hilo la kutobahatika pia.

Mjomba: Sasa niandikeje? Hakuajiriwa. Wasifu ni elimu, kazi, ndoa.

Dada: Shikamooni. Mimi niliyelelewa kwake sikumbuki hata siku moja kumkuta amelala. Naamka, yuko macho. Naenda kulala, namwacha akijaribu vitasa vya milango kimoja kimoja. Nilidhani wazee hawalali.

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu.

Binamu: Na lile kopo la vifungo? Nguo haigeuki tambara la kudekia mpaka ainyofoe vifungo vyote. Shati langu la shule lilikuwa na vifungo vya rangi tano! Nikamlalamikia kwamba nachekwa. Akasema, "Wacheke, mradi kifua hakiko wazi."

Kaka: 😂😂😂

Mimi: Mjomba, hata Shirika la Kazi Duniani lilisema kwenye ripoti yake ya 2018 kwamba zaidi ya robo tatu ya kazi za kulea na za nyumbani zisizolipwa hufanywa na wanawake. Ni kazi hiyo.

Mjomba: Mpwa wangu, watu wanakuja kuzika, hawaji kusikiliza ripoti.

Mama Mkubwa: Hapo hajakosea.

Mama Mdogo: Basi andika hili. Nilipougua, mwanangu alikuwa na miezi mitatu. Mama alikuja na kimfuko cha nguo za wiki moja. Akakaa miaka miwili. Hakuniuliza hata mara moja nitapona lini.

Mama Mdogo: Lakini msije mkamfanya malaika. Azima sufuria yake usirudishe, uone atakavyokudai mbele ya wageni.

Kaka: Mimi ninayo moja mpaka leo 🙈

Mama Mkubwa: Kumbe ni wewe! Miaka yote hii nasingiziwa mimi!

Mjomba: Haya, nimebadilisha. "Kazi yake: alilea watoto 4, wajukuu 11, na wengine waliokuja kukaa siku mbili wakakulia hapo." Inafaa?

Mama Mdogo: Inafaa kaka. Asante.

Dada: Niko na Babu, nimemsomea. Amenyamaza kwanza. Sasa anasema muongeze kwamba ndiye aliyekuwa akimnyoa. Tangu waoane hajakaa kwenye kiti cha kinyozi.

Mjomba: Sikulijua hilo.

Dada: Hata mimi.

Dada: Anauliza kesho atanyolewa na nani.

Kaka: Mwambie nakuja alfajiri. Na sufuria naileta.