Anwani inasoma Houston, ofisi inasema siyo Houston (MUD, ETJ, DBA): naomba msaada

Kutoka: Mama wa FM 1960

Habari za jioni wanajumuiya,

Nimechoka, naomba mnisaidie. Nimepata kijiduka kwenye zile plaza za barabara ya FM 1960, nataka kuuza chai ya maziwa, vitumbua, sambusa na supu ya asubuhi. Anwani yangu tangu nihamie huku inasoma Houston, TX. Leseni ya udereva Houston. Bili ya maji inatoka MUD, ile wilaya ya huduma za maji ya mtaa wetu, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nikaenda ofisi moja ya vibali na makaratasi yote, nikapanga foleni, kijana wa dirishani akaingiza anwani kwenye kompyuta akaniambia, "Mama, wewe huishi Houston, na duka lako haliko Houston." Akanirudishia faili. Ofisi ya pili wakaniuliza kama plaza iko kwenye SPA. Sikujua nijibu nini. Na wiki hiyohiyo HOA, chama cha wenye nyumba wa mtaa wetu, wameniletea barua ya onyo kwa sababu ya trela la vyombo nililoegesha pembeni mwa nyumba.

Swali langu ni moja. DBA, yaani jina la biashara, nimeshaandikisha kwa karani wa kaunti. Je, naweza kuomba kibali cha sales tax (kodi ya mauzo) kwa hiyo DBA, au lazima nifungue LLC, yaani kampuni, kwanza? Mwenye plaza anataka jibu kabla hatujasaini mkataba wa pango.

Kutoka: Fundi wa Katy

Pole sana dada. Mimi nafunga AC kuanzia Katy mpaka Spring, na nusu ya wateja wangu wanajiita watu wa Houston ilhali hawajawahi kumpigia kura meya wa Houston. Anwani ni ya posta tu. Wewe uko unincorporated Harris County, yaani sehemu ya kaunti isiyo ndani ya jiji lolote, ndani ya ETJ, eneo la nje ya mipaka ambalo Houston bado ina usemi kidogo. Watu karibu milioni 2 wa kaunti hii wako hivyo. Polisi wako ni sheriff na konstebo, kibali cha chakula ni cha kaunti, na kodi ya jiji hulipi, umshukuru Mungu kwa hilo.

Kwetu pia ni hivyo. Mtu wa Rongai atakuambia yuko Nairobi, kumbe yuko Kajiado. Ruaka ni Kiambu, Syokimau ni Machakos. Asubuhi wote wako Nairobi kazini, na magavana wanang'ang'ania ushuru wao.

Kutoka: Mzee wa Alief

Fundi, usimpoteze mwenzio. Hatoi kodi ya nyumba ya jiji, hilo ni kweli. Sales tax ni habari nyingine kabisa. SPA ni mapatano kati ya jiji na MUD: jiji linajitwalia plaza ya barabarani peke yake, nyumba zilizo nyuma yake zinabaki kaunti. Senti ya jiji inayokatwa dukani wanagawana na MUD. Ndiyo maana dada aliulizwa swali lile. Angalieni ramani ya mipaka ya Houston, mtaona vidole vyembamba vinafuata barabara maili na maili, kila kidole kimeshika maduka.

Mji huu umekua kwa kumeza. Ndugu wawili, Augustus na John Allen, waliutangaza gazetini Agosti 1836 kama bandari ya baadaye, na palikuwa na matope na mbu kando ya Buffalo Bayou. Bandari ya kweli ilikuwa Galveston. Kimbunga cha Septemba 1900 kikaua watu zaidi ya 6,000 pale, mwaka uliofuata mafuta yakafoka Spindletop karibu na Beaumont, na wafanyabiashara wa Houston wakachimba mfereji wa meli, uliofunguliwa 1914. Kuanzia hapo fedha ikahamia huku. Mwisho wa 1949, chini ya Meya Holcombe, eneo la jiji liliongezeka takriban maradufu kwa mpigo. Likaendelea kumeza: Clear Lake 1977, Kingwood 1996. Watu wa Kingwood walipinga mpaka mahakamani wakashindwa, lakini kelele zao zilifika bunge la jimbo kule Austin. Sheria ya 1999 ikaufanya umezaji kuwa mgumu, ya 2017 ikasema kwa kaunti kubwa kama hii wakazi wapige kura kwanza. Nani atapiga kura aongezewe kodi? Kwa hiyo dada, mpaka ulikwama pale ulipo, na wewe ukabaki upande wa pili wa barabara.

Kutoka: Dada wa Third Ward

Shikamoo mzee. Umeeleza vizuri, lakini umeiruka barua ya HOA, na ndiyo inayoweza kumuumiza haraka zaidi. Dada, usiidharau. Huku watu wanajisifu kwamba Houston haina zoning, sheria ya jiji ya kupanga wapi pawe nyumba na wapi pawe maduka. Kweli, wapiga kura waliikataa 1948, wakaikataa 1962, wakaikataa tena 1993. Lakini kilichokaa mahali pake ni deed restrictions, yale masharti yaliyoandikwa kwenye hati ya kiwanja chako kabla hujazaliwa. HOA ina wakili, inaweza kukuwekea lien, yaani dai la deni juu ya nyumba yako. Soma hati yako, tafuta sehemu ya magari na trela.

Na tuseme ukweli kuhusu masharti hayo. Zamani yaliandika waziwazi kwamba mtu mweusi hauziwi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza kuyatekeleza mwaka 1948, na bado Jack Caesar, mfanyabiashara wa ng'ombe, alipohamia Riverside Terrace na familia yake, nyumba yake ilitegwa baruti 1953. Hakuhama. Napita mtaa ule kila siku nikienda kazini, na kila mara naona kwamba sisi tuliokuja juzi na visa mkononi tumepangishwa kwenye barabara ambazo wengine walizifungua kwa damu yao. Emancipation Park iliyo hapa karibu, watu waliotoka utumwani walichangishana wakanunua ekari 10 mwaka 1872, Jack Yates akiwa mmoja wao, ili wapate mahali pao pa kusherehekea Juni 19, siku ya uhuru wao, ndiyo Juneteenth. Wengi wetu tunaishi hapa miaka na hatujawahi kukanyaga. Mwaka huu Juneteenth njooni na watoto.

Kutoka: Fundi wa Katy

Historia nzuri, ila dada kauliza vibali. Na mzee, sikusema halipi sales tax. Soma tena. Halafu dada wa Third Ward, ndani ya jiji idara ya sheria ya jiji yenyewe inaweza kumshtaki anayevunja deed restrictions. Huku kaunti kwa kawaida ni HOA na majirani, ingawa wakili wa kaunti naye anaweza kushtaki. Msimchanganye.

Kutoka: Mkaaji wa Gulfton

Jambo bandugu bote. Mimi ni Mkongo wa Kivu, nimepitia kambi ya Nyarugusu kabla ya kufika hapa. Niko Gulfton, ndani ya jiji kabisa, na mimi pia nasumbuka, kwa hiyo msifikiri jiji ni dawa. Maghorofa tunayokaa yalijengwa kwa vijana wa mafuta wasio na familia, wakati kazi zilikuwa nyingi. Miaka ya 1980 bei ya mafuta ikaanguka, vijana wakaondoka, wenye nyumba wakapangisha watu wa El Salvador na Mexico, na baadaye wakimbizi kama sisi. Hakuna pa kucheza watoto kwa sababu yalijengwa bila kufikiria watoto. Mama mmoja wa kanisa letu anauza mikate na keki za nyumbani kwa ile sheria ya cottage food, ya vyakula vya kupikia nyumbani, ana kadi ya food handler (ya mafunzo ya usafi wa chakula) na lebo kwa kila mfuko. Lakini sambusa ya nyama hairuhusiwi humo.

Jioni ya Jumapili mukipita kwetu mutasikia kwaya tatu kwa wakati moja, Kiswahili, Kinyarwanda na Kihispania. Hapo ndio nasikia kama niko nyumbani.

Kutoka: Mama wa FM 1960

Asanteni wote, nimejifunza mengi. Trela nimeliondoa. Sambusa zangu ni za nyama na za dengu, na ni dukani, siyo nyumbani. Nilichouliza ni DBA na LLC.

Kutoka: Mzee wa Alief

Dada, utapata tu, mji huu unampokea mwenye bidii. Nilipokuja kusoma, Bellaire Boulevard huku kwetu ilikuwa viwanja vitupu na nyasi. Wavietnamu waliokimbia baada ya 1975 ndio waliofungua maduka kwanza, Wanaijeria wakafuata, leo unakula pho na egusi kwenye plaza moja. Hillcroft ni Wahindi, wengine wao walizaliwa Kampala wakafukuzwa na Amin, na watakusalimu kwa Kiswahili safi ukiomba binzari. Februari ukitoka nje utakuta msafara wa farasi wa Prairie View, ulioanzishwa na Waamerika weusi 1957, unaingia mjini kwa ajili ya rodeo, yale maonyesho ya farasi na ng'ombe. Utajiri wa mji huu ni huo. Kinachonikera ni kujenga ovyo. Walijenga mabwawa ya Addicks na Barker miaka ya 1940 baada ya mafuriko, mabwawa makavu ya kushika maji ya mvua kubwa tu, halafu wakaruhusu nyumba zijengwe ndani ya eneo la bwawa lenyewe, na 2017 kimbunga Harvey kilipokuja watu wakashangaa maji yanatoka wapi. Dar tunafanya hivyohivyo Jangwani. Viongozi wanajua, na bado watu wanajenga bondeni.

Kutoka: Fundi wa Katy

Mzee, Jangwani watu walibomolewa nyumba, usifananishe. Hapa walioruhusu walichukua kodi na kuuza hati za mikopo ya MUD. Nyumba yangu iliingia maji ya Barker, na mkopo wa mabomba nimeendelea kuulipa kila Januari.

Kutoka: Dada wa Third Ward

Pole kaka, sikujua kama na wewe uliguswa na Harvey. Kama hati yako haikutaja kwamba uko eneo la bwawa, ongea na wakili, zile kesi za waliofurika dhidi ya serikali kuu zimechukua miaka.

Na wote wenye nyumba, jiji au kaunti: makadirio ya HCAD, ofisi inayokadiria thamani ya nyumba za kaunti kwa ajili ya kodi, yameshatumwa. Mwisho wa kupinga ni 15 Mei, au siku 30 tangu barua itumwe kama ilichelewa. Pingeni mtandaoni kwa mfumo wao wa iFile, wekeni picha za nyufa na bei za majirani, na kwa homestead exemption, punguzo la kodi la nyumba unayokaa mwenyewe, hakikisheni anwani ya nyumba inalingana na iliyo kwenye leseni ya udereva.